Uzi wa Kapteni Ndoo

Ukiingia kwenye chumba cha kujaribia nguo katika duka la Fundi, usishangae ukisahau kilichokuleta. Wateja wengi husahau. Mtu huingia na sketi mkononi, pazia linafungwa, zinapita dakika tano, zinapita kumi, kimya. Akitoka bado amevaa aliyoingia nayo, na swali lake la kwanza si la kiuno wala la pindo. Anauliza yule mfalme wa mwezi na yule mama wa mwavuli walikutana lini.

Ukuta mzima wa chumba kile, kuanzia sakafuni mpaka pale mkono wa Fundi unapofika akipanda kigoda, umejaa pini. Ni pini mia sita na ushee, na kila moja imeshika kikaratasi chenye jina la mtu ambaye hajapata kuzaliwa: mashujaa wa vitabu vya katuni, majambazi wa filamu, wachawi na madereva wa michezo ya video. Kati ya pini na pini zimepita nyuzi. Uzi mwekundu maana yake wawili hao walikutana kwenye katuni, wa bluu ni filamu, wa kijani ni mchezo wa video. Ukifuata kwa kidole unaweza kuanza na mpishi mwenye macho matatu, ukapita kwa dada wawili wanaoendesha treni chini ya bahari, ukaishia kwa roboti anayelia. Hapo unagundua kwamba wote hao ni wakazi wa ulimwengu mmoja, ila hawajuani.

Fundi alianza kazi hiyo miaka tisa iliyopita, kwa ubishi tu. Yeye ni fundi cherehani na kila mtu humwita hivyo, hata mume wake anapotaka jambo. Aliyebishana naye alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, daktari wa meno ambaye hucheza michezo ya video saa ya chakula cha mchana akiwa bado ndani ya koti jeupe. Shemeji alisema mashujaa fulani wawili walikutana, Fundi akasema hawakukutana, wakatafuta ushahidi, na walipoupata ulikuwa umezaa maswali mengine arobaini. Baadaye akajiunga Mwalimu, mama mstaafu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Huyo ndiye hutunza daftari la ushahidi, na shemeji, mtu mzima mwenye mvi zake, humwogopa kama aliyesahau kufanya zoezi la nyumbani.

Ukali wa ukuta ule ulikuwa kwenye masharti yake. Fundi mwenyewe aliyaandika kwenye mfuniko wa boksi la vifungo na kuyatundika juu ya kioo. Kukutana ni kukutana: wawili wawe mahali pamoja, na mmoja amsemeshe mwenzake. Picha ya shujaa kwenye fulana ya mpita njia haihesabiki. Tena kila upande ukiri, kwa sababu mchoraji yeyote anaweza kumwazima shujaa wa mwenzake bila ruhusa na kumkalisha mezani. Kama upande wa pili haukuonyesha popote kwamba jambo hilo lilitokea, basi ule ni ugeni wa kujialika, na ukuta hauutambui. Halafu kila uzi lazima uwe na mashahidi wawili, kila mmoja aliyeona kwa macho yake. Mwisho kabisa, mtu hafungi uzi unaomhusu ndugu yake.

Sharti hilo la mwisho wengine walilicheka, maana ni nani mwenye ndugu ndani ya katuni? Fundi hakucheka. Yeye alikuwa naye.

Chini kabisa, pembeni, karibu na soketi ya umeme, palikuwa na pini isiyoguswa na uzi wowote. Kikaratasi chake kilisema Kapteni Ndoo. Kapteni alikuwa zimamoto asiye na gari wala mpira wa maji, mwenye ndoo moja tu iliyobonyea, na kwa miaka kumi na miwili alizima moto, ugomvi na mapenzi ya watu wasiofaana kwenye ukurasa wa nyuma wa gazeti moja la kila wiki. Aliyemchora alikuwa baba yake Fundi.

Baba alikuwa hai na mwenye nguvu zake. Aliishi kwa bintiye, na kila siku saa nne asubuhi alifika dukani, akakaa kwenye kiti karibu na meza ya kupigia pasi na kukosoa kila kitu, kuanzia taarifa ya habari mpaka mishono. Kuhusu ukuta alikuwa na neno moja tu: upuuzi. Watu wazima na akili zao, alisema, wanatafutia vikaragosi ukoo. Lakini Fundi ana jicho la kazi. Pini zote za safu ya chini zilikuwa na vumbi isipokuwa moja. Mtu alikuwa akiipangusa kwa kidole gumba kila siku, na mtu huyo hakuwa Fundi.

Mambo yaliharibika Jumatatu. Maktaba ya umma ilikuwa imeomba ukuta huo unakiliwe na kutundikwa kwenye ngazi zake, ufunguliwe Jumamosi watu wote wauone, na hao watatu walikuwa wamefurahi hadi shemeji akanunua tai. Jumatatu hiyo Mwalimu alikuja na vipimo. Ukuta wa ngazi ulikuwa mfupi kuliko walivyodhani. Isingewezekana kuhamisha pini zote. Wapweke, yaani wale wasio na uzi hata mmoja, wangebaki. Walikuwa kumi na saba. Mwalimu alisoma orodha kwa sauti ile ile ya kutangaza matokeo, na alipofika namba tisa alishusha miwani, akamtazama Fundi, akaendelea na namba kumi.

Baba alikuwa pale pale kwenye kiti chake. Hakuinua macho kutoka kwenye gazeti. Ila hakufungua ukurasa mwingine mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Fundi alijua fika kwamba Kapteni hakuwa mpweke hivyo. Toleo la mwisho kabisa la katuni ile lilimwonyesha akiwa kituo cha basi, mvua inamwagika, na kando yake amesimama Shangazi Ngurumo. Huyo Shangazi alikuwa shujaa wa ukurasa wa kati wa gazeti lile lile, mama mwenye mwavuli aliyeutumia zaidi kupigia watu kuliko kujikinga. Alimtengeneza mchoraji mwenzake Baba, mwanamke waliyemwita Kushoto kwa sababu ya mkono aliochorea. Baba na Kushoto walikaa meza moja miaka kumi na miwili, wakigombania wino na kuchekana. Siku moja, bila kuomba ruhusa, Baba akamwazima Shangazi kwa ukurasa mmoja. Kapteni akageuza ndoo, akamfunika nayo kichwa asilowe. Shangazi akasema, “Asante, Kapteni.”

Hapo ndipo pakawaka. Shangazi Ngurumo hakuwahi kumwambia mtu asante, si katika toleo lolote. Huyo ndiye alikuwa Shangazi mwenyewe. Watu walinunua gazeti kungoja kuona kama safari hii atashukuru, naye hakushukuru. Kushoto aliingia ofisini na gazeti limekunjwa kama rungu, akamwambia Baba mbele ya wote kwamba amemtia mwanawe maneno ya mtu mwingine mdomoni. Baba, badala ya kuomba radhi, akasema kila mwanamke hushukuru akipata wa kumshukuru. Ningekuwa mimi ningekimbilia chini ya meza. Kushoto alikusanya kalamu zake siku ile ile. Baba hakumchora Kapteni tena, gazeti likafungwa mwezi uliofuata kwa sababu zake lenyewe, na hao wawili hawakusemezana tena kwa miaka thelathini na mmoja. Waliwahi kukaa benchi moja kwenye kliniki ya macho, na wote wawili wakasoma herufi za ukutani kwa bidii kuliko mgonjwa yeyote.

Shangazi alipanda juu. Akapata vitabu vyake, akaalikwa kwenye filamu ya mfalme wa mwezi, halafu miaka minne iliyopita vijana fulani wakamtengenezea mchezo wa video, Kushoto mwenyewe akisimamia kila mchoro. Pini yake ilikuwa katikati ya ukuta, na nyuzi kumi na tisa zilitoka kwake. Kapteni angempata yeye tu, angewapata wote. Lakini upande wa Shangazi haukuwa umekiri popote. Fundi alisoma vitabu vyote mara mbili. Shemeji aliumaliza mchezo mara tatu. Wote wawili waliandika kwenye daftari: hakuna.

Jumatano mchana simu ya Fundi ikaita. Shemeji alikuwa akihema. Alisema alikuwa akicheza kwenye mapumziko yake, Shangazi akiwa kituo cha basi kwenye mvua, ndipo akaletwa mgonjwa mwenye shavu lililovimba kama andazi. Aliacha mchezo ukiendelea, akang'oa jino, akanawa mikono, akarudi. Kwenye kioo palikuwa na mkono wa mwanamume umeshika ndoo juu ya kichwa cha Shangazi. Shangazi akasema neno, yeye akatafuta simu ampige picha, na alipoipata mkono ulishaondoka.

Fundi alitaka kuamini, lakini shemeji alikuwa na historia. Aliwahi kuapa kwamba roboti anayelia alikutana na dereva wa barafu, kumbe alichoona ni taa ya kliniki kwenye kioo cha televisheni. Shahidi mmoja, tena huyu. Akamwomba asimwambie Baba lolote. Heri mzee aendelee kununa kuliko kutiwa tumaini halafu linyang'anywe.

Alhamisi Baba alikwenda kunyolewa, nao wakatumia nafasi hiyo. Shemeji alikuja na mashine yake ya mchezo, wakaweka televisheni juu ya meza ya pasi, Mwalimu akatoa saa yake ya kupimia mbio. Wakamsimamisha Shangazi kwenye mvua. Dakika kumi, hakuna. Ishirini, hakuna. Aliingia mteja kuchukua gauni lake, akakaa nao robo saa akiangalia mama aliyesimama kwenye kituo cha basi, akasema filamu hii inachelewa kuanza. Walijaribu mara saba. Shangazi alisimama na mwavuli wake, mvua ikampita pembeni, na hakuna ndoo wala mfuniko wa ndoo uliotokea. Mwalimu aliandika daftarini: haikurudiwa. Shemeji aliapa kwa meno yote aliyowahi kung'oa, lakini Mwalimu alishafunga kalamu.

Walipoondoka, Fundi aliingia chumba cha kujaribia nguo, akafunga pazia. Akapiga magoti karibu na soketi. Mkononi alikuwa na uzi mwekundu, na uzi huo alishaukata urefu kamili bila kujua alipima saa ngapi. Kutoka kwa Kapteni mpaka kwa Shangazi ni mikono miwili tu. Nani angejua? Ukurasa upo, ndoo ipo, mvua ipo. Kinachokosekana ni karatasi ya upande wa pili, na umma wa maktaba hauwezi kuja na daftari. Miaka tisa alikuwa amewakatalia watu wazima nyuzi zao, mmoja alitoka akilia, na sasa vidole vyake vilikuwa vimeshazungusha fundo la kwanza. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto, na bado hakuacha.

“Fungua hilo,” sauti ilisema nyuma yake.

Alimwona kwenye kioo. Baba alikuwa ameshika pazia, nywele zimepunguzwa, shingo ina poda.

“Usinifanyie hisani ukutani, mwanangu. Nitakuwa naijua kila nikipita.”

Fundi akafungua fundo. Kisha, kwa kuwa hakuwa na cha kujificha nacho tena, akamweleza mzee yote palepale sakafuni: shemeji, jino, mkono, ndoo, majaribio saba. Alingoja aitwe mpuuzi. Baba akaketi kwenye kigoda, akashika tama.

“Alikuwa na mwavuli?” akauliza.

Fundi alisema ndiyo, Shangazi anaanza mchezo akiwa na mwavuli, ndiyo silaha yake, hakuna anayeuacha.

“Basi mtasimama pale mpaka mwote kutu. Kwenye ukurasa wangu alikuwa ameusahau kwa kinyozi. Kapteni hamfuniki mtu mwenye mwavuli. Ni mjinga, lakini si kiasi hicho.”

Fundi akampigia shemeji akiwa bado amepiga magoti. Siku ile, alimwuliza, mwavuli ulikuwa wapi? Shemeji akafikiri. Aliurusha, alisema, kumpiga mwizi wa baiskeli, ukanasa juu ya paa, na kabla hajaufuata ndipo akaja mgonjwa. Hakuliandika hilo kwa sababu alidhani ni uzembe wake tu. Ndivyo walivyo watu wa ukuta ule: wameupekua mchezo mara tatu mpaka kwenye mitaro, wamehesabu paka wote, na hakuna aliyewahi kufikiria kusimama tu kwenye mvua bila kitu mkononi.

Ijumaa asubuhi duka lilifungwa kwa pazia, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata Fundi alipougua. Baba aliwekewa kiti mbele. Hakuwahi kucheza mchezo wa video maishani na alitangaza kwamba hana nia ya kuanza. Shemeji akampeleka Shangazi kwa kinyozi, akaegemeza mwavuli mlangoni, akatoka bila huo. Walipofika kituoni mvua ikaanza. Shemeji akaweka kidhibiti chini, akakalia mikono yake ili isije ikamponza. Mwalimu akabonyeza saa.

Dakika ya kwanza. Ya pili. Shangazi alilowa, nywele zikamlala usoni. Dakika ya tatu shemeji alianza kueleza kwamba labda mgonjwa wake alichukua muda zaidi, na Mwalimu akamkata kauli kwa kidole. Dakika ya nne na sekunde kumi, kutoka pembeni ya picha, ukaingia mkono wa mwanamume mwenye kikoti cha zimamoto, umeshika ndoo iliyogeuzwa. Mvua ikaanza kugonga bati.

Shangazi Ngurumo hakugeuka. Alitazama mbele, kule basi linakotoka.

“Nani kakuomba?” akasema.

Lakini hakusogea. Alibaki chini ya ile ndoo, na wote waliokuwa dukani waliona kwamba hakusogea hata hatua moja.

Baba alikuwa ameinama karibu na kioo mpaka pua inagusa. Hakuwa akimtazama Shangazi. Alikuwa akiangalia ndoo, mahali ilipobonyea upande wa chini, palipozibwa kwa kiraka chenye ribiti tatu, vile vijisumari vya kubania bati, mbili kubwa na moja ndogo. Kapteni hakuwahi kueleza msomaji yeyote kiraka kile kilitoka wapi. Ilikuwa ndoo ya ofisini kwao, ile waliyoweka kati ya meza zao mbili paa lilipovuja. Kushoto ndiye aliyeipiga teke ikabonyea, na Baba ndiye aliyeiziba, ribiti kubwa zikamwishia.

Mzee akaanza kucheka. Alicheka kimyakimya kwanza, mabega tu, halafu ikamtoka sauti, akacheka mpaka akashika meza ya pasi, na machozi yakamteremka wala hakuyafuta.

“Nani kakuomba,” akasema. “Ndivyo. Ndivyo kabisa angesema. Miaka thelathini na mmoja nimeipigania asante ambayo haikuwa yake.”

Shemeji alisharuka na kumkumbatia mwanasesere wa kupimia nguo. Fundi alikuwa na furaha isiyojua itokee wapi, akashika tu bega la baba yake. Hapo Mwalimu akakohoa. Mashahidi wapo, alisema, na upande wa pili umekiri. Lakini pande mbili zinasimulia tofauti. Katuni inasema asante, mchezo unasema nani kakuomba. Kama ni mara moja walikutana, haiwezekani yote mawili yawe kweli, na daftari haliwezi kuandika yote mawili.

Shemeji akamtazama kama mtu anayetafuta jino la kung'oa. Ila Baba alitikisa kichwa, akasema mama huyu ana haki. Akamtuma Fundi nyumbani, juu ya kabati, kwenye bahasha ya kahawia.

Ukurasa halisi, ule aliouchora kwa mkono wake, ulikuwa humo, karatasi nene iliyopata rangi ya chai. Baba aliutandika mezani, akaomba wembe na wino. Mkono wake siku hizi hutetemeka akishika kikombe, lakini aliposhika wembe ulitulia. Alikwangua neno moja baada ya jingine kutoka kwenye mdomo wa Shangazi, taratibu, akipuliza unga wake. Kapteni wake alibaki na ndoo, mvua ikabaki, na juu ya kichwa cha yule mama pakawa peupe. Kisha akaandika, kwa herufi zile zile za zamani: Nani kakuomba?

“Sasa aliyemzaa akubali,” akasema. “Nipe hiyo simu.”

Namba ilikuwa nyuma ya boksi la mchezo, ya ofisi ya wale vijana, nao wakatoa nyingine, na ya pili ikaita muda mrefu. Fundi alisikia upande mmoja tu, na upande huo haukuwa na maneno mengi. Ni mimi, Baba alisema. Halafu akasikiliza. Akasema nimeuona. Akasikiliza tena, uso ukamkunjamana kama anayepata kichapo anachokistahili, akasema kwamba hapana, hakuwa amekaidi, ni kwamba hakuna mchezaji aliyejua kusimama, wote walikuwa wanakimbia. Akasema nimefuta. Baada ya hapo alikuwa akiitikia tu, ndiyo, ndiyo, na mwisho akasema saa nne, ngazi za maktaba.

Alipokata simu walimwuliza amesema nini. Baba akavuta gazeti lake. “Amesema ndoo nimeichora ndogo,” akajibu, na siku nzima hakukosoa mshono hata mmoja.

Jumamosi ngazi za maktaba zilijaa watu. Pini mia tano themanini na kitu zilishapangwa, na moja zaidi, karibu na sakafu. Kati ya hiyo na ya Shangazi palikuwa patupu bado, kwa sababu masharti ni masharti na Fundi hakuruhusiwa kufunga. Shemeji alijitolea akiwa na tai yake mpya. Mwalimu alisema tungoje, na wakangoja.

Alikuja saa nne na dakika tano, mama mfupi mwenye viatu vya kukimbilia, fimbo mkono wa kulia ili wa kushoto ubaki huru. Hakumsalimia Baba. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule ukurasa, uliotundikwa ndani ya fremu, akautazama kwa karibu, akapitisha kidole mahali karatasi ilipokwanguliwa. Kisha akageuka akamwuliza Fundi uzi uko wapi.

Fundi akamkabidhi. Kushoto akainama mbele ya ukuta, akaanza kufunga, na fundo lake lilikwenda kinyume na mafundo yote mengine, jambo ambalo siku nyingine yoyote lingemnyima Fundi usingizi. Dirisha la ngazi lilikuwa wazi. Jua lilimpiga yule mama usoni, akawa anafumba jicho moja na kukosa kitanzi. Mara ya pili akakosa tena.

Baba alisogea. Fundi hakuona alipoanza, aliona tu kwamba gazeti la mzee lilikuwa juu ya kichwa cha Kushoto, limeshikwa kwa mikono miwili, na kivuli kimemwangukia usoni.

“Nani kakuomba?” Kushoto akasema, macho kwenye uzi.

Hakusogea. Alifunga taratibu sana, taratibu kuliko fundo dogo vile linavyohitaji, na Baba aliendelea kushika gazeti ingawa mikono ilishaanza kuchoka. Masharti hayakusema lolote kuhusu kukata. Fundi akangoja mpaka fundo likakaza, akatoa mkasi mfukoni, akakata uzi uliobaki.